Fa Iliyobaki Nyuma

"Nasoma, mwalimu."

Hivyo ndivyo alivyonijibu yule kijana wa sauti ya tatu, mara moja tu, kisha akanyamaza. Ilikuwa jioni ya mazoezi, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, wote tumechoka, na mimi nilikuwa nimemsimamisha mbele ya wenzake nikamuuliza kama karatasi aliyoishika ni ya kusoma au ya kujipepea. Mara tatu nilikuwa nimerudisha wimbo nyuma, na mara tatu kipimo cha 14 kilikuwa kimeharibika mahali palepale: sauti nyingine zinatua, ya tatu inabaki juu nusu hatua, kama mtu ambaye hakuambiwa kwamba mkutano umehamishwa. Nilimwona ameinamia karatasi, kidole kiko kwenye mstari, na niliona kwamba kweli anasoma. Niliona, na bado niliendelea kusema.

Nimeifikiria jioni ile kwa muda mrefu, na kila ninapoifikiria naanzia mahali tofauti. Kuna siku naanzia kwenye hasira, kuna siku naanzia kwenye uchovu. Lakini mara nyingi najikuta nimerudi kwenye jambo ambalo mtu mwingine angeliona dogo mno, nalo ni jinsi nilivyokuwa nimepanga mafaili yangu, na jinsi nilivyozoea kufungua madirisha kwenye kioo cha kompyuta.

Mimi huandika nota kwa programu iitwayo LilyPond. Ni ya bure, ilianzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, na haifanani na zile zinazotumiwa na walimu wengi wa kwaya ninaowafahamu, ambazo unabofya na nota inakaa kwenye mistari ukiiona. Huku unaandika maandishi matupu. Unaandika herufi ya nota, unaandika tarakimu ya urefu wake, unaweka mstari wa kufunga kipimo, kisha unaiamuru programu ichore, na baada ya sekunde chache unatoka ukurasa ambao mpaka leo hunifurahisha, vichwa vya nota vimeshiba wino kama vya vitabu vya zamani. Kwa kuwa waasisi wake ni Waholanzi, majina ya nota usipoyabadilisha ni ya kwao: B iliyoshushwa nusu hatua huitwa bes. Neno hilo fupi lina kisa chake hapa.

Juu ya LilyPond natumia programu nyingine ya kuhariria, Frescobaldi. Upande wa kushoto yako maandishi, kulia uko ukurasa wa nota uliokwisha kuchorwa, na chini kuna sehemu ambayo LilyPond inalalamikia makosa. Dirisha la maandishi unaweza kuligawa, juu na chini au ubavu kwa ubavu, ukayatazama mafaili mawili kwa pamoja. Na ukibofya nota yoyote kule kulia, kishale kinaruka kushoto mpaka kwenye herufi ileile iliyoizaa. Haya yote nilikuwa nayo miaka kadhaa bila kuyatumia. Kioo changu ni kidogo, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba mtu makini hutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, kikiwa kikubwa, kimejaza kioo chote. Nikiandika, naona maandishi tu. Nikikagua, nafunga maandishi na kufungua ukurasa. Niliuona utaratibu huo kuwa nidhamu, na sijui hata leo kama lilikuwa kosa lote au nusu tu.

Mafaili nayo yalikuwa na hali yao. Kila nilipoogopa kuharibu kitu, nilinakili. Folda ya "wimbo mpya" ilizaa "wimbo mpya 2", nayo ikazaa "wa mwisho", na baada ya wiki mbili kukawa na "wa mwisho kabisa". Nikiyatazama majina hayo leo naona ni orodha ya siku nilizoogopa, zimepangwa moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja inayosema niliogopa nini.

Wimbo wa Pasaka ile ulikuwa utunzi wangu, katika ufunguo wa F, sauti nne. Mwanzoni kipimo cha 14 kilitua kwenye fa: ya nne fa, ya tatu fa, ya pili la, ya kwanza do. Mpiga kinanda wetu aliniambia kwa upole kwamba maneno ya mahali pale yanapumzika, lakini sauti zake hazipumziki. Nilikaa na maneno yake siku mbili kabla ya kukubali kwamba ana haki. Nikabadilisha. Ya nne ikawa do, ya tatu mi, ya pili so, ya kwanza ikabaki do palepale ilipokuwa. Kwa sauti ya tatu kazi yote ilikuwa kufuta bes na kuandika a.

Ila kabla ya kubadilisha niliogopa, kama kawaida, nikanakili folda nzima. Kila sauti ilikuwa na faili lake, na lilikuwapo faili mama ambalo kazi yake ni kuyaita yote manne kwa amri ya \include na kuyapanga kwenye ukurasa mmoja. Katika faili mama hilo, miezi mingi nyuma, siku moja nikiwa na haraka na programu imegoma kuiona sauti ya tatu, niliiita kwa anwani yake ndefu, kuanzia mwanzo wa diski, folda hadi folda, mpaka mlangoni pake. Nyingine tatu niliziita kwa majina tu. Basi nilipohamia folda mpya, tatu zilihama pamoja nami. Ya tatu iliendelea kuchotwa kwenye kisima cha zamani. Nilisahihisha faili jipya kwa makini, nikaiona a imekaa vizuri mahali pake, kisha nikaagiza nota za sauti zote zichorwe, na programu ikaenda kuchukua bes kulekule nilikoituma. Nikatia kwenye flashi, nikaenda steshenari, nikatoa nakala 40.

Mtu atauliza, hukukagua? Nilikagua. Nilikagua ukurasa nikiwa nimefunga maandishi, na macho yangu yalikwenda kwenye mambo ya ukurasa, silabi zimekaa chini ya nota au zimegongana, kichwa cha wimbo kimekaa katikati au la. Nikakagua na maandishi nikiwa nimefunga ukurasa, nikaona a, nikaridhika. Kila kimoja kwa peke yake kilinionyesha nilichotaka kukiona. Kosa lilikuwa kati ya hivyo viwili, na pale katikati sikuwahi kuweka jicho.

Usiku wa siku ya mazoezi yale sikupata usingizi mzuri. Nikafungua kompyuta, nikachora wimbo upya kwa hali ya rasimu, ile ambayo kila nota hubaki na uzi wa kuirudisha kwenye asili yake, nikaacha ukurasa na maandishi vyote viwe wazi, vimebanana kwenye kile kioo kidogo. Nikabofya ile nota ya kipimo cha 14. Kishale kiliruka, lakini hakikwenda kwenye faili lililokuwa wazi. Lilijifungua faili jingine lenye jina lilelile, sauti3.ly, sasa yakawa mawili yamekaa sambamba juu ya dirisha kama mapacha. Ndani ya hili la pili, kwenye mstari wa kipimo cha 14, ilikuwapo bes.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo liliniuma kuliko kosa lenyewe. Waimbaji wengine wa sauti ya tatu ni watu wazima wenye masikio ya miaka mingi. Walipofika pale, sikio liliwaambia fa haipo nyumbani, wakateleza kimyakimya kwenda mi bila kujali karatasi. Yule kijana alikuwa mgeni, ana miezi minne tu kwenye kwaya, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimemfundisha kwamba asifuate sikio la jirani, afuate nota. Watu wote wa sauti yake walikuwa wameiacha karatasi yangu. Yeye alikuwa ameishika, na ndiye niliyemkaripia.

Kesho yake niligawa karatasi mpya. Ningependa kuandika kwamba nilisema ukweli mbele ya wote kama nilivyomkaripia mbele ya wote. Sikusema. Nilisema, "Chukueni hizi, zile za zamani zitupeni," nikaanza kutoa sauti. Kijana alipokea yake, akaitazama, akanitazama, akaikunja vizuri.

Kulikuwa na wiki nyingi kati ya siku hiyo na siku niliyomwomba radhi, na katika wiki hizo nilifanya jambo ambalo nadhani wengi hulifanya: nilianza kupanga. Nilipanga folda, nilibadilisha majina, nilitafuta rangi za maandishi, nilijaribu kugawa dirisha mara mbili, mara tatu, mara nne, mpaka kila sauti ikabaki na nafasi ya mistari mitatu na sikuweza kusoma chochote. Mwezi mzima sikutunga hata vipimo vinane. Niliita kazi ile matayarisho. Naogopa kwamba ilikuwa njia ya kujisamehe bila kupitia kwa mtu niliyemkosea, maana folda haikuulizi kitu. Lakini hata hilo silisemi kwa uhakika wote, kwa sababu baadhi ya nilichokipanga mwezi ule bado kinanisaidia.

Msaada wa kweli ulitoka mahali pengine. Sauti yetu ya nne ina mzee mmoja aliyeanza kuimba kabla sijazaliwa, na ana daftari kubwa la jalada gumu ambamo nyimbo zote zimeandikwa kwa sulfa. Nilikwenda kwake kuazima wimbo mmoja wa zamani. Akafuta meza kwa kiganja, akalifungua. Sulfa haihitaji mistari mitano wala programu. John Curwen, aliyeieneza Uingereza katika karne ya 19 baada ya kuipata kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, alitaka mtu wa kawaida aweze kuimba kwa kusoma herufi, na wamisionari wakaichukua wakaja nayo Afrika. Ni herufi, nukta pacha na mistari ya kusimama. Katika daftari la mzee kila wimbo ulikuwa na ukurasa wake, sauti nne zimepandana, d chini ya d, m chini ya m, nukta chini ya nukta, kiasi kwamba jicho likishuka wima lisingepita kosa bila kujikwaa. Maneno yalikuwa chini kabisa, kwa kalamu nyekundu.

Kilichonishika zaidi ni masahihisho. Alipobadilisha herufi hakuifuta. Aliikata kwa mstari mmoja mwembamba, akaandika mpya juu yake, na pembeni akaweka tarehe. Nikamuuliza kwa nini asifute ukurasa ukabaki safi.

"Ili nijue tulikotoka, mwalimu," akasema. "Kuna siku mtu ataimba ile ya zamani. Nikimsikia nitajua amejifunza lini, sitamgombeza."

Sidhani alijua kuhusu kipimo cha 14. Huenda alijua, maana alikuwapo. Sikumuuliza, na yeye hakuongeza neno; tulikunywa chai.

Njiani kurudi nyumbani niliwaza jina la ile programu. Girolamo Frescobaldi alizaliwa Ferrara, Italia, mwaka 1583, akawa mpiga kinanda wa Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, tangu 1608. Mwaka 1635 alitoa kitabu chake cha muziki wa misa kwa kinanda, Fiori musicali, na alikichapisha kwa namna ya kumtesa mpigaji: kila sauti kwenye mstari wake, mistari minne imepandana, badala ya kuzikusanya kwenye mistari miwili ambayo mikono ingeifuata kwa wepesi. Johann Sebastian Bach alikuwa na nakala ya kitabu hicho, ameiandika tarehe ya 1714. Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza niliyapita kama habari tu. Baada ya kutoka kwa mzee niliyasoma tena, nikaona ni daftari lilelile, sauti nne kila moja na njia yake, na zote mbele ya macho kwa wakati mmoja.

Tena katika Fiori musicali mna kipande kimoja ambacho kinanisumbua kwa wema. Mikono inapiga sauti nne, na sauti ya tano mpigaji anatakiwa aiimbe mwenyewe bila kuipiga. Frescobaldi anampa nota zake chache mwanzoni, lakini hamwonyeshi ni wapi aingie. Lazima apatafute. Nimefikiria sana kuhusu sauti hiyo. Mimi ninayetaka kila kitu kiwe na faili lake na dirisha lake, ningeiweka wapi? Katika kwaya yangu iko sauti ya namna hiyo pia, isiyoandikwa popote. Siku ile ya mazoezi ilikuwa kwenye kidole cha kijana kilichokuwa kikifuata mstari, na nilikuwa na nafasi ya kuisikia.

Basi kwa sasa nafanya hivi, na nasema kwa sasa kwa sababu nimebadilisha mara nyingi. Kila wimbo una folda moja, na nakala za zamani zote ziko kwenye folda moja ya ndani iitwayo "zamani", ambayo faili mama haliruhusiwi kuigusa. Kila kitu kinaitwa kwa jina fupi, hakuna anwani ndefu. Mwishoni mwa kila mstari wa maandishi naweka alama ya asilimia, ambayo LilyPond huiruka pamoja na yote yanayoifuata kwenye mstari, na baada yake naandika namba ya kipimo. Nikibadilisha nota, naiacha ya zamani baada ya alama hiyohiyo pamoja na tarehe, kama mzee. Wimbo ukiwa mkononi, naufungua kama kikao kimoja, maana Frescobaldi inaweza kukumbuka mafaili yanayokwenda pamoja, na sifungui wimbo mwingine mpaka nimekifunga hicho. Kulia uko ukurasa. Kushoto nimeligawa dirisha mara mbili tu, juu sauti ninayoiandika, chini maneno. Karatasi zote zina tarehe kwenye ukingo wa chini, herufi ndogo.

Inafaa. Lakini yapo mambo ambayo mpango huu umeninyima. Zamani, ukurasa ulipokuwa umefichwa, nililazimika kuusikia wimbo kichwani ili nijue ninachokiandika. Sasa naona kila kitu, na kuna siku nagundua nimeandika vipimo kumi kwa macho, vizuri kwa kutazama, na sikio halikuwapo kabisa. Siku hizo naufunga ukurasa kwa makusudi na kubaki na herufi peke yake, kama nilivyokuwa nikifanya, na ninapouimba naimba kwa sauti chumbani. Kwa hiyo ile tabia niliyoilaumu bado naihitaji. Sijui ni wakati gani wa kufungua na wakati gani wa kufunga. Nabahatisha, na mara nyingine napatia.

Kijana nilimwomba radhi baada ya Pentekoste, kwanza sisi wawili, halafu mazoezini mbele ya sauti zote nne, kwa kuwa nilimkosea mbele yao. Nilieleza kila kitu, folda mbili, faili mapacha, bes na a. Baadhi hawakuelewa habari za mafaili, lakini walielewa kwamba karatasi ilikuwa na kosa na kosa lilikuwa langu. Yeye alikuwa ametulia. Baadaye, tukikusanya viti, aliniambia, "Nilijua, mwalimu. Uliponipa ile mpya niliangalia kipimo cha 14 kwanza." Kisha akaniuliza kama anaweza kuona jinsi nota inavyobofywa ikarudi kwenye herufi yake.

Tangu hapo huja Jumamosi mchana. Mimi nakaa upande wa maandishi, yeye upande wa ukurasa, kioo kiko katikati yetu. Mimi nasoma herufi kwa sauti, yeye anaimba anachokiona, na tukitofautiana tunasimama. Wiki iliyopita tulisimama mara sita kwenye wimbo ambao nilikuwa na hakika umekwisha. Kipimo cha 22 anasema bado kinamsumbua. Mimi sioni tatizo lake, na Jumamosi tutakirudia.